Mwalimu wa kompyuta anachapisha vyeti vya wenzake wote, chake hakuna. Sisi wazazi tulikataa

Wakuu, nawasalimu mlio mjini na mlio mashambani. Mimi ni mzee wa mbao hapa Kondele. Shule niliishia darasa la nne nikaenda kubeba mizigo. Leo yadi ni yangu. Kiswahili changu kikipinda, nyoosheni wenyewe. Lakini haya nayaandika kwa sababu nilikuwepo.

Binti yangu yuko Form Three, shule ya wasichana upande wa Pap Onditi. Wazazi walinichagua mwenyekiti wao. Walijua mimi sinyamazi.

Siku moja nilienda kupima mbao za madawati. Stima imepotea. Nikakuta wasichana wako uwanjani kwa mstari, kila mtu ameshika karatasi ya namba, wanabadilishana nafasi wawili wawili huku wakicheka. Mwalimu wao, Madam Adongo, yuko pembeni na filimbi.

"Madam, hii ni somo gani? Densi?"

"Kompyuta, Mzee."

"Na kompyuta iko wapi?"

"Leo ni wao."

Binti yangu akanieleza. "Baba, kila mtu anaangalia jirani yake tu. Kama namba yako ni kubwa kuliko ya anayekufuata, mnabadilishana. Mnarudia mpaka hakuna wa kubadilisha. Mstari umejipanga! Mashine pia inaweza kupanga hivyo."

Wakuu, nilielewa. Mimi! Vijana wangu wa yadi wanapanga mbao kwa urefu vivyo hivyo. Nikajua huyu ni mwalimu, si mlinzi wa mashine.

Sasa shida. Binti akaniambia Madam ameitwa na shule ya private Kisumu mjini. Akienda, somo limekufa, maana principal alishasema kile chumba cha kompyuta kinaweza kuwa stoo. Na wasichana wako katikati ya project ya mtihani.

Nikamuuliza Madam mwenyewe. Hakuzunguka.

"Mzee, si mshahara pekee. Kila siku ya zawadi mimi ndiye nachapisha vyeti vya walimu. Sijawahi kuchapisha chenye jina langu. Hapa wananiita fundi wa printa."

Nikaenda kwa principal.

"Mzee, tunazawadia masomo ya shule nzima. Kompyuta ni ya kuchagua. Wanafunzi ni wachache."

"Kwa hivyo akifundisha wachache vizuri, hajafundisha?"

"Tuna mwongozo, Mzee."

"Fuateni mwongozo. Sisi wazazi tuna miguu."

Kwa wasiojua kwetu: siku ya zawadi mwalimu akiitwa, kina mama wanatoka na wimbo, wanamfunga leso mabegani, wanampa jogoo, anazungushwa uwanja mzima. Cheti kinalala kwenye droo. Leso na jogoo, kila mtu ameona.

Nikaenda sokoni kwa Mama Achieng, muuza dagaa wa omena, kiongozi wa nyimbo. Akanipima kwa macho.

"Huyo mwalimu wa kompyuta amefaulisha nani?"

"Amenifanya mimi nielewe."

"Wewe?" Alicheka mpaka akashika meza. "Basi huyo si wa jogoo. Huyo ni wa ng'ombe!"

Siku ikafika. Walimu wakaitwa, wakafungwa leso. Zamu ya wazazi kuongea, nikashika maikrofoni nikasema tunamtaka Madam Adongo.

Hayuko kwenye tenti.

Deputy akaninong'oneza: yuko ofisini, printa imekwama, kuna vyeti havijatoka.

Principal akasema, "Mzee, tuendelee na programu. Mgeni wa heshima ana safari."

Mama Achieng hakuomba ruhusa ya mtu. Alianza wimbo palepale alipokaa. Kina mama wakainuka, jogoo mbele, wakaelekea ofisini. Mgeni wa heshima naye akainuka akafuata akipiga makofi. Alidhani ni sehemu ya programu! Principal angefanya nini? Akafuata.

Tulimkuta Madam amepiga magoti, vidole vyeusi kwa wino.

"Mama, ngojeni kidogo nimalize, watu wanasubiri vyeti."

"Wasubiri," Mama Achieng akasema, akimfunga leso. "Wewe umesubiri zaidi."

Wasichana wake walipiga kelele hata jogoo akaogopa.

Baadaye principal akanivuta kando. "Umevuruga programu yangu."

"Programu ni yako. Mwalimu ni wetu."

Na sikuishia hapo. Mwenyekiti wa wazazi anakaa kwenye bodi ya shule, na kikao kilichofuata nilikataa tuanze lingine kabla ya hilo la zawadi. Sasa walimu wa masomo ya kuchagua wana zawadi yao, na wanapimwa kwa kazi ya wanafunzi wao, si kwa wingi wa watu darasani.

Siku ile ya zawadi, watu wakitoka, Madam alinikuta getini, jogoo kwapani.

"Mzee, nilikuwa karibu kuwakubalia wale wa mjini. Nitawaambia nini?"

"Waambie umeolewa huku."

Alicheka, akafuta macho. Yupo. Ameahidi mpaka hawa wasichana wafanye mtihani. Mimi nataka zaidi ya hapo na nitalipigania.

Nilichojifunza: mwalimu asifiwe akiwa bado anashika chaki, si siku ya kumuaga. Na msingoje ofisi iwafanyie.

Haya, nyinyi wenye digrii, huko kwenu mwalimu wa kompyuta anaheshimiwa vipi, au naye ni fundi wa printa? Semeni. Kunipinga ruhusa, lakini kwanza niambie jina la mwalimu wa mtoto wako.