Kinyozi wa Ruring'u na Wimbo wa Tisa

Saa tatu asubuhi, Alhamisi, mashine ya kunyolea inanguruma katika kibanda cha Kingori hapa Ruring'u, lakini redio kaseti imenyamaza. Kitini ameketi Mwalimu Gatimu, na plagi ya redio ameishika mwenyewe mkononi.

"Leo utaninyoa bila muziki," anasema Mwalimu. "Jumamosi niko na ruracio, na hii ni mara ya pili napeleka mahari kwa hao watu."

Kingori, mwenye miaka 36, hajawahi kunyoa kwa saa. Kwa miaka tisa amenyoa kwa kanda. Mteja anaketi, upande wa pili unaanza, na nyimbo nne zikiisha kitufe kinafyatuka, tak, naye anakung'uta shuka. Kanda huirudisha nyuma kwa kalamu ya biro huku akimsalimu mteja anayefuata. Vichwa ishirini kwa siku, shilingi ishirini kila kimoja, na hakuna aliyelalamika.

Mambo yaliharibika Mei mwaka huu wa 1996, mwimbaji Kagure alipotoa kanda mpya. Kwa Pankaj, mwenye duka la muziki mjini Nyeri, ina nyimbo nane. Inayouzwa Kangema ina wimbo wa tisa usiopatikana kwingine. Ya Kangari nayo ina wa tisa wake, tofauti kabisa. Shabiki akitaka nyimbo zote, anunue kanda mbili.

"Kwani sisi wa Nyeri tulikosea nani?" wateja walinung'unika.

"Mimi siimbi, ndugu. Mimi nauza tu," anasema Pankaj, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema hilo mara mia.

Ng'ambo ya barabara, kinyozi Gicheru akaleta kanda ya Kangema, na wateja wakahamia kwake. Kingori akafunga kibanda siku nzima, akaenda Kangema, akalipa shilingi mia na hamsini. Kichwa cha kwanza kunyolewa kwa kanda hiyo kilikuwa cha Mwalimu Gatimu.

"Aliniambia nipunguze kidogo tu," Kingori anakumbuka. "Wimbo ya nne ikaisha, ingine ikaanza, na mkono ikaendelea. Ati ningejuaje? Na yeye alikuwa amefunga macho, anasikiza. Hiyo ya Kangema ni ndefu sana."

Kitufe kilipofyatuka, utosi wa Mwalimu ulikuwa unang'aa.

Ukweni, wazee walipouona upara ule walivua kofia na kumpa pole. Kwao kichwa cha namna hiyo ni cha mfiwa, na mahari haijadiliwi na mtu aliye msibani. Mwalimu akajaribu kueleza habari za kanda. Mzee mmoja akamshika bega, akasema huzuni huchanganya watu. Shughuli ikaahirishwa miezi miwili.

Leo Kingori ana hofu kweli. Bila wimbo hajui asimame wapi, na mashine imebaki hewani. Mwalimu anashusha pumzi, anafumba macho, kisha anaanza kuimba mwenyewe, upande wa pili kama ulivyo kwa Pankaj. Mkono wa Kingori unapata njia.

"Akipewa mchumba wake Wangeci, harusi ni Desemba, na kichwa ya bwana harusi nimeahidiwa mimi," Kingori ananong'ona. "Naomba tu Kagure asitoe kanda ingine kabla ya hapo."

Wimbo wa nne unakwisha. Mwalimu anafumbua macho na kujitazama kiooni.

"Tak," anasema, na kuivua shuka mwenyewe.