Mama Sili

Mama alijifunza kusoma ukubwani, kwenye mafundisho ya ubatizo, kwa kitabu cha sala cha Kisukuma. Aliweka kidole chini ya neno, akalitamka, ndipo akasogea. Kiswahili alikisoma vivyo hivyo, silabi kwa silabi, kama mtu anayechambua mchele.

Mimi niliishia darasa la saba. Niliuza mitumba sokoni Mirongo, jirani na meza ya magazeti, miaka ile magazeti yalipoanza kuwa mengi. Sikununua hata moja. Nilisoma vichwa vya habari nikiwa nimesimama, yaliyobaki nikayajaza mwenyewe. Nikajiona msomaji hodari.

Siku moja abiria aliyevuka kwa kivuko cha Kigongo aliniletea barua ya mdogo wangu wa kike, aliyeolewa ng'ambo, upande wa Sengerema. Kama wengi wetu Wasukuma, aliandika alivyotamka: haraka kwake ilikuwa "halaka". Baada ya salamu, bila nukta wala mkato, aliandika: "Mama sili usimwambie baba." Chini yake zilikuwa habari za mihogo tu.

Nikasoma: Mama, siri, usimwambie baba. Nikadhani ana mimba. Kwa kuwa ni siri, nikaitia mfukoni nisubiri baba atoke nyumbani kwetu Mkolani. Baba alikaa siku tatu ndipo akaenda kuangalia ng'ombe wake.

"Mayu, kuna siri hapa," nilimwambia mama, nikamsomea.

"Lete." Akaweka kidole. "Ma-ma. Si-li." Akarudia. "Sili."

"Ni siri, mama. Si unamjua na maandishi yake?"

"Namjua, nimemzaa. Hiyo siri yenyewe iko wapi, kwenye mihogo?" Kidole hakikusogea. "Mwanangu hali chakula, wewe unanisomea gazeti!"

Kesho yake alivuka na chupa ya uji. Walirudi pamoja. Mdogo wangu alikuwa amekonda sana, na koo lilikuwa limejaa vidonda. Tulimnywesha uji kwa kijiko cha chai.

"Kaka msomi," alinitania alipopata nguvu kidogo, "nasikia ulinisoma nina mimba."

Tukacheka. Kisha akauliza, "Yule mtu alichelewa kuileta barua?"

"Alichelewa," nikasema.

Mama, niliyekuwa nimeshamwambia ukweli, aliendelea kukoroga uji.

Mdogo wangu alikaa nasi mpaka mahindi ya mwaka ule yalipokauka shambani. Mama alimfuata kaburini miaka kadhaa baadaye. Sasa nami nasoma kwa kidole na kwa sauti, hata karatasi ya dawa, na wanangu wananicheka. Barua ile ninayo. Nikifika kwenye "sili" kidole kinakaa.

Yule abiria hakuchelewa. Aliniletea siku ileile aliyopewa.