Mpaka Mama Akae

Baba yangu, Wekoye, alikuwa mpelelezi wa polisi, na watu wa Kitale walimwogopa bure. Hakuwa na ukali wowote. Kazi aliyojulikana nayo, ile ambayo wenzake waliikimbia, ilikuwa kupeleka habari za vifo. Mtu akigongwa barabarani au akiokotwa mtoni, wakubwa walisema, "Mwiteni Wekoye." Naye anavaa koti lake, anaulizia kijiji kwa kijiji mpaka awapate wenyewe.

Alikuwa na namna yake. Hakutumia simu kabisa. Alifika mwenyewe, akavua kofia mlangoni, akaomba gilasi ya maji, kisha akamwambia mwenye nyumba, "Kaa kwanza." Maji hayakuwa yake. Yalikuwa ya yule anayekwenda kuambiwa, maana koo la mtu, alisema, hukauka kabla machozi hayajatoka. Mtu akishakaa, alilitaja jina la marehemu, halafu akasema "amekufa". Hakusema ametuacha, hakusema amelala. Askari vijana walimwona hana huruma. Aliwajibu, "Ukimwambia mama ati kijana wake ametuacha, atakuuliza ameenda wapi. Utamjibu nini, bana?"

Haya tuliyajua kwa sababu alimsimulia mama yetu, Phelista. Mambo mengine yote ya kazi aliyafungia ofisini, lakini hizi safari alirudi nazo nyumbani. Mama anakata sukuma wiki, baba amekaa kando ya meko, anaeleza nani alilia, nani alinyamaza, nani alimzaba kofi. Mama hakumpa ushauri hata mmoja. Alimmiminia chai tu, akaendelea kukata mboga. Mimi naamini ndoa yao ilijengwa hapo, karibu na ile sufuria.

Alizaliwa Kabuchai, kwenye miwa, lakini serikali ilimzungusha kila pembe ya nchi. Nikisema alikuwa mtu wa familia, wapo watakaocheka, maana miaka mingi tulimwona kama mgeni. Lakini alikuja. Alipanda lori la mahindi, la viazi, la chochote, ili Jumapili imkute nyumbani. Alitupaka viatu rangi sote, na vyake alivipaka mwisho. Na alipokuwepo, alikuwepo kupita kiasi. Kibiwott, mchumba wangu wa kwanza, alipokuja kujitambulisha, baba alimhoji mpaka maskini akakiri kwamba alirudia darasa la sita. Hakuonekana tena kwetu. Mimi nilinuna. Kaka yangu Hillary alicheka mpaka akaketi sakafuni.

Hillary ndiye aliyekuwa kifungua mimba, na ndiye aliyekuwa roho ya baba, hata kama baba hangekubali kulisema hilo. Alisomea udaktari wa mifugo, akanunua pikipiki, akawa anapanda milima ya Kapsokwony kutibu ng'ombe za watu. Baba alipostaafu, kazini walimpa wilbaro na blanketi, zawadi ambazo zinanikera mpaka leo. Hillary alimpa mtamba, akamwita Lorraine, jina la msichana mmoja aliyemkataa, kwa sababu ng'ombe huyo naye alikuwa na maringo. Mama akilitamka linatoka Rolaini, kama Hillary anavyotoka Hirari. Basi baba akawa mtu wa ng'ombe mmoja na shamba la mahindi, hapo kwetu nje kidogo ya Kitale. Kofia yake ya kahawia ilipumzika juu ya kabati, na sote tulidhani imepumzika kabisa.

Mwaka jana, wakati wa mvua, baba alipokea simu akiwa shambani. Nilikuwa naanua nguo, nikamwona amesimama katikati ya mahindi, simu iko sikioni. Alipoingia ndani alivaa koti, akaishusha kofia kutoka kabatini.

"Nafika Kabuchai mara moja," alimwambia mama. "Kuna maneno ya mpaka wa shamba."

"Na hii mvua?"

"Itaisha."

Langoni akaniita kando. "Nasambu, chukua simu ya mama yako uzime. Wageni usiwaruhusu ndani. Habari akizipata, azipate kwangu."

"Habari gani, baba?"

Alinitazama, akanigusa bega, akaenda zake. Hakuniambia nikae. Kwa ujinga wangu nikalishikilia hilo: kama ingekuwa ile habari, si angeniambia nikae?

Mchana ule Lorraine alianza kuzaa. Ulikuwa uzao wake wa kwanza, na mambo hayakwenda sawa. Ulitoka mguu mmoja wa ndama, wa pili ukakataa. Mama akapiga kelele kutoka zizini.

"Nasambu! Leta simu nimpigie Hirari!"

"Nimepeleka kwa duka, mama, iwekwe chaji."

"Si stima iko hapa?"

"Ilipotea kidogo."

"Basi lete yako. Haraka, bana, Rolaini ataniharibikia!"

Nilimwambia yangu haishiki mtandao hapo zizini, nikakimbia nyuma ya nyumba. Nikaifungua. Kwenye kundi la ukoo kulijaa pole na mishumaa. Nikasoma kwamba pikipiki ya Hillary ilimtoka kwenye mteremko wa Kapsokwony, barabara ikiwa tope tupu, kwamba alikimbizwa hospitali Bungoma, kwamba hakufika mbali. Niliuma leso yangu nisipige ukemi. Nilimchukia baba saa ile. Nilimchukia kwa kunitwika mzigo huo bila hata kunipa kiti.

Nikarudi zizini. "Hashiki simu, mama."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo neno linalonichoma zaidi katika yote niliyosema siku ile.

"Hirari naye!" mama akasema. "Akifika huku nitamsema. Haya, njoo tuvute."

Kabla sijaushika ule mguu, nikamwona jirani yetu Pauline anakuja, leso kiunoni, mdomo umeanza kufunguka kwa kilio. Nilimwahi langoni, nikamziba mdomo kwa mkono. Mtu mzima, mama wa watoto, nikamziba mdomo. Akaelewa. Akarudi nyuma akilia ndani ya leso yake, na nina hakika ndiye aliyewazuia wengine, maana hakuna mwingine aliyekuja.

Mama aliingiza mkono, akaupata ule mguu wa pili, akaunyoosha kama Hillary alivyomfundisha. Tukavuta. Mimi machozi yananitoka, mama anadhani ni ya kumhurumia ng'ombe. Ndama akaanguka kwenye majani, akapiga chafya, yu hai. Mama akacheka kwa sauti, mikono yake inateleza kwa ute na damu.

"Hirari hataamini," akasema. "Ati wanawake wawili, bila daktari!"

Jua lilikuwa linakwenda kuzama baba aliporudi kutoka Bungoma. Alichukua kiti sebuleni, akakileta uani, akakiweka mbele ya zizi. Kisha akavua kofia.

Mama aliinua macho, akaiona ile kofia mkononi. Kicheko kikamkauka usoni.

"Nasambu, leta maji," baba akasema. "Mama Hillary, kaa kwanza."

"Sikai."

"Phelista."

"Nimesema sikai! Wale wote uliowaendea walikaa, ukawaambia. Mimi nina ndama wa kukausha."

Akaokota gunia, akaanza kumsugua ndama. Baba akasubiri. Mama alipomaliza ndama akachukua fagio, akafagia ua uliokwisha kufagiwa. Akahamisha mitungi ya maji kutoka upande huu wa jikoni hadi upande ule. Baba alimfuata kila alipokwenda, kofia mkononi, na mimi nyuma yao na gilasi ya maji ambayo hakuna aliyeitaka.

"Ivae hiyo kofia, baba Hirari," mama akasema bila kugeuka. "Usinivulie kofia mimi. Haki, nakuomba, ivae."

Baba akaivaa. Akasimama nayo kidogo, akaivua tena.

Hapo akaamua kumwambia akiwa amesimama, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu yeyote. Alifungua mdomo, akasema, "Hillary..." Akakwama. Akaanza tena, "Hillary..." Nilikuwa namwona vizuri. Lile neno alilowaambia watu wa Webuye, wa Bokoli, wa Kitale yote, lile alilowafokea askari vijana waliseme wazi, lilimkataa. Kofia ikamponyoka, ikaanguka kwenye tope. Akakiendea kile kiti alichomwekea mama, akakikalia yeye mwenyewe, akainama, akalia. Nilikuwa sijawahi kumsikia baba yangu akilia, na sauti yake sikuijua.

Mama alisimamisha fagio ukutani. Alikuja mpaka kwangu, akaichukua gilasi, akamwekea baba mdomoni, mkono mwingine ukimshika kisogo, vile anavyonyweshwa mtoto mwenye homa. Baba akanywa. Mengine yalimwagikia koti.

Halafu mama alikwenda zizini, akaleta kigoda cha kukamulia, akakiweka mbele ya baba. Akaifuta mikono yake kwenye gauni, kwanza huu, kisha huu. Akakaa, magoti yake yakagusana na ya baba.

"Haya, baba Hirari," akasema. "Nimekaa."

Watu wengine wote baba aliwaambia kwa Kiswahili. Mama peke yake baba alimwambia kwa Kibukusu, lugha ya kwao, polepole, akiwa amemshika mikono yote miwili, na lile neno hakulificha.