Maji ya Bomba Yalivyoitwa Najisi

Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetaka maneno ya mapambo atafute kwingine. Ninachotaka ni ijulikane nani alifanya nini kule Makote. Majina yao siyaandiki. Wenyewe wanajijua, na majirani wanawajua.

Kundi letu lilikuwa kaya chache pembeni mwa kijiji. Tulijitenga na kanisa, tukajitenga na msikiti, tukasali bandani kwa kiongozi wetu. Redio marufuku. Shule, mtoto akishajua kusoma basi. Harusi za majirani hatuendi, na misibani vilevile. Nilikuwa nimeolewa humo, yote hayo niliyameza.

Halafu bomba likafika. Anayeijua Newala anajua maji ni kitu gani kwetu kule juu. Kijiji kizima kilipiga vigelegele. Kiongozi wetu akasimama bandani akasema maji yale yametiwa dawa, yamepita kwenye mashine ya watu wa dunia, ni najisi. Sisi tutakunywa ya mvua tunayokinga kisimani mwetu, na kisima kikikauka, tutashuka chemchemi ya bondeni. Wanaume wakaitikia amina kwa nguvu. Wasiitikie kwa nini? Hakuna hata mmoja aliyewahi kujitwika ndoo.

Kiangazi kile kisima kilibaki tope. Tukawa tunashuka bondeni alfajiri, wanawake na mabinti, tunarudi jua limeshakuwa kali, tunapanda mlima na ndoo kichwani, halafu tunapita kando ya bomba linalotiririka. Binti yangu, mtoto wangu pekee, akaanza kulalamika shingo. Baadaye mikono ikawa inamfa ganzi, kijiko kinamponyoka.

Nikamwambia baba yake. "Mwombee," akasema.

Nikamwambia kiongozi. "Mama, mtoto anajaribiwa. Akiacha kubeba, ameshindwa."

Siku aliyoanguka mlimani na ndoo yake, nilimkokota mpaka nyumbani, nikamlaza, nikachukua ndoo nyingine nikaenda bombani. Wanawake waliokuwa pale wakaanza kunitania.

"Jamani, pisheni! Leo wateule wamepata kiu."

"Dada, angalia usije ukaota mapembe!"

"Yakiota nitatundikia ndoo," nikamjibu.

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama mmoja mtu mzima akanisaidia kujitwika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na kesho uje."

Kumbe wifi yangu alikuwa ananiona. Yeye ndiye aliyenichongea, yeye ambaye shingo yake mwenyewe ilikuwa imepinda kwa ndoo zilezile. Jioni tukaitwa bandani, mimi na binti, ndoo yangu ikawekwa katikati. Kiongozi akataka niimwage mbele ya wote na kutubu. Nisipotubu, niondoke peke yangu. Binti atabaki, kwa kuwa ni mtoto wa kundi. Nikamtazama mume wangu. Akatazama chini.

"Akibaki, nani atamchotea maji?" nikauliza.

"Atachota mwenyewe, kama wenzake," kiongozi akasema.

Hapo hofu iliniisha yote. Nilichovya kikombe ndooni mle mbele yao nikampa binti. Akanywa, akaomba tena, nikamwongeza. Watu wakaguna. Nikamshika mkono. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba, tupishe," binti akamwambia.

Akapisha. Hilo nalo naliandika, maana ni kweli.

Tulilala kwa yule mama wa bombani. Asubuhi tukapanda bodaboda mpaka stendi, tukapanda basi, tukashuka Masasi, tukaenda kwa shangazi yangu anayeishi Lisekese. Hospitali wakampiga picha ya shingo, wakasema mfupa umeumia, asibebe kitu kichwani tena. Ganzi imepungua. Mkono wa kushoto haujakaa sawa mpaka leo.

Baada ya msimu wa korosho mume wangu akaja. Kiongozi ametusamehe, akasema, na kama mimi sitaki kurudi, basi yeye amchukue mtoto. Nilimpa kiti, kwani ni baba yake binti, na alikuwa ametoka mbali. Nikampelekea maji kwenye glasi.

"Ya wapi haya?"

"Ya bomba."

Akaiweka glasi chini, midomo imemkauka vile.

"Kama hilo limekushinda," nikamwambia, "binti humchukui."

Akainuka, akaenda zake. Akirudi na kiongozi wake, jibu ni hilohilo, na safari hiyo nitamjibu huyo kiongozi kwanza.