Skuta ya Bok-sing Ilikuwa Upande Gani

Ukitaka kumjua Khu Guat-li, msikilize asubuhi sokoni. Mimi nauza samaki, yeye anakaanga keki za figili, na kwa miaka ishirini na saba tumetenganishwa na ndoo moja tu ya maji. Mdomo wake hauna breki. Mteja akilalamika kwamba keki ni ndogo, anamjibu, "Mdomo wako ndio mkubwa, kaka." Aliyesutwa kuliko wote alikuwa mumewe, Tan Bok-sing, mtu mpole aliyecheka hata alipotukanwa mbele za watu.

Bok-sing aligongwa siku ambayo Mama Mazu, mungu wetu wa kike wa bahari, alipita mjini kwetu. Kila nyumba ilikuwa imetoa meza ya sadaka barabarani, ubani unafuka, na mimi na Guat-li tulikuwa mbele ya mlango wake tukisubiri machela inayobeba sanamu yake. Meza yake haikuwa na mananasi. Bok-sing alikuwa ametumwa kuyafuata na alichelewa, na Guat-li alikuwa kwenye simu, anafoka.

Tulisikia mshindo kwenye kona. Tulipofika, Bok-sing alikuwa amerushwa ukingoni, mananasi yametapakaa, skuta imelala barabarani, na mbele yake pikapu ya bluu yenye kioo kilichopasuka. Dereva alikuwa kijana wa mbali, Iap Khai-bun, msambazaji wa chakula cha bata. Damu ilimjaa machoni na alikuwa akiuliza yuko wapi.

Sasa, hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anajua: magari yakigongana, usiguse kitu mpaka askari aje apulize rangi nyeupe chini, kuonyesha kila gari lilikuwa wapi. Bila ile rangi, kila mtu ana haki na kila mtu ana kosa. Lakini ngoma zilikuwa zimeshafika na fataki zinalipuka. Mwenye nguvu mpishe, na nani ana nguvu kumshinda Mama Mazu? Hapa kwetu Yunlin hakuna mtu anayemzibia njia.

"A-hong, shika nyuma!" Guat-li akanipigia kelele. "Shika nyuma, unashangaa nini?"

Nikashika. Tukaiburuta skuta mpaka ukutani. Vijana wa ngoma wakaisukuma pikapu, watoto wakaokota mananasi. Machela ikapita, sisi tumepiga magoti kando ya mtu anayekoroma damu. Gari la wagonjwa likaja nyuma yake. Askari alipofika na kopo lake la rangi, hakukuwa na cha kupulizia.

Bok-sing akafa siku ya tatu bila kuzinduka.

Ugomvi ukabaki kwenye jambo moja: nani aliuvuka mstari wa njano wa katikati ya barabara? Khai-bun alisema skuta iliingia upande wake. Guat-li alisema pikapu ndiyo iliyoingia upande wa mumewe. Kamera ya kwenye pikapu ya kijana ilikuwa na kadi mbovu. Wataalamu wa serikali wakaandika kwamba haiwezekani kubaini. Tukaitwa kwenye baraza la usuluhishi, ofisi ya mji, chai mezani kama kawaida.

Mwenyekiti, Mzee Siau, alimuuliza Guat-li kwa upole, "Mama, kwa nini uliiondoa skuta?"

"Mzee, ulitaka Mama Mazu aruke juu yake?"

Watu wakainamisha vichwa. Kila mmoja mle ndani angefanya vilevile, hata Mzee Siau, ambaye siku ile alibeba ubani mbele ya machela. Khai-bun peke yake ndiye aliyetikisa kichwa.

"Mimi nilikuwa upande wangu," alisema. "Naapa, mzee. Nilikuwa upande wangu."

"Umemuua mtu halafu unamsingizia!" Guat-li akasimama. "Mume wangu hata kuku alikuwa akimpisha! Muulizeni A-hong. Tulishika skuta pamoja."

Macho yote yakanigeukia. Sasa niseme ukweli wangu: sikuutazama mstari. Nilikuwa natazama machela. Lakini huyu alikuwa jirani yangu, amevaa kitambaa cha kufiwa begani, na yule alikuwa kijana nisiyemjua kwao. Nikasema, "Ilikuwa upande wa Bok-sing. Niliona kwa macho yangu." Maneno yalitoka mepesi, na hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo.

 Kikao cha tatu Khai-bun akatia sahihi kwamba kosa kubwa ni lake. Mahakama ikampa kifungo cha nje, na leseni ikachukuliwa. Sasa anabeba vizimba vya bata kwa mgongo.

Miezi mitano baadaye nilikuwa nyumbani kwa Guat-li, namsaidia kumenya figili. Dhamiri ilikuwa inanila. Nikamwambia, "Guat-li, siku ile mimi sikuutazama mstari."

Hakuacha kumenya. "Mimi niliutazama."

Nikaweka figili yangu chini.

"Bok-sing alikata kona. Skuta ilikuwa upande wa yule kijana, yote, mpaka tairi la nyuma." Kisu kikasimama. "Nilimpigia simu mara tatu, A-hong. Ya mwisho nilimwambia, ukichelewa na hayo mananasi usirudi nyumbani. Ningemwambia nani kwamba alivuka mstari kwa ajili yangu?"

"Kwa hiyo Mama Mazu..."

"Mama Mazu alikuja kwa wakati wake," alisema. "Ningeiburuta hata kama ungekuwa msafara wa bata."

 Nikasema twende kwa Mzee Siau, leo hii, tukaseme.

"Nenda. Na ukifika waeleze nani aliyesema ameona kwa macho yake." Hakusema kwa hasira. "Yule kijana anipumzishe kidogo tu. Mimi siwezi kuubeba mzigo huu peke yangu."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Wanaosema hivyo hawajakaa na majirani wanaopendana. Sikwenda, wala sikuinuka pale nilipokuwa.

Mlango ukagongwa. Ilikuwa tarehe kumi na tano ya mwezi, na Khai-bun huja kila tarehe hiyo. Alikuwa na mfuko wa mapera na makovu mapya mikononi. Guat-li akainuka, akawasha vijiti vitatu vya ubani, akampa kijana kwa mkono wake mwenyewe. Kijana akapiga magoti mbele ya picha ya Bok-sing, paji likagusa sakafu.

"Baba, nisamehe," akasema. "Nilikukosea."

Alipoinuka akanijia, akainama kwa heshima.

"Shangazi, nilitaka kukushukuru kwa siku ile barazani. Mwanzoni nilikuchukia. Mimi nilikumbuka kabisa kwamba nilikuwa upande wangu. Ningeishi maisha yangu yote namsingizia marehemu. Sasa nimeelewa kumbukumbu ilikuwa inanidanganya."

Guat-li alikuwa amerudi kwenye figili zake, ananipa mgongo.

"Usijali, mwanangu," nikamwambia. "Kaa ule."