Mpaka Kwenye Kucha za Miguu

Kamera haikuwa yangu. Ilikuwa ya mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa na chumba cha picha kule Iringa, na siku ananikabidhi hakutaka kuiachia mkononi. "Nenda nayo kwenu Njombe," akasema. "Mvua zikianza nitakuja. Nikikuta una wateja, utabaki nayo. Nikikuta unafukuza nzi, narudi nayo, na wewe pa kwenda unapajua."

Nilipajua sana. Vijana wa rika langu walikuwa wanapanda malori ya manamba kwenda kukata mkonge Tanga. Baba yangu naye alipanda hivyo hivyo mimi nikiwa bado nanyonya, na hakurudi. Nyumbani hatukuwa na picha yake hata moja. Mama akitaka kunionyesha alivyokuwa, alinishika kidevu na kusema, "Hapa. Kuanzia hapa kushuka ni yeye." Huko juu sikujua alikuwaje.

Basi nikatua Njombe na lile sanduku la mbao, miguu yake mitatu na shuka jeusi la kujifunikia, nikajiweka kando ya soko. Baridi ya mwezi wa sita, jamani! Asubuhi dawa ya kusafishia picha iligoma kufanya kazi mpaka niikumbatie chupa ndani ya koti kama mgonjwa. Nikaandika ubao, nikautundika. Nikajipiga picha mwenyewe nikaitundika nayo. Watu walisimama, wakaitazama picha, wakanitazama mimi, wakacheka, wakaenda zao kununua viazi.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja kijana wa upande wa misheni ya Kilutheri, ambaye mumewe alikuwa kwenye mkonge. Nilimpiga kama mjomba alivyonifundisha, uso na mabega. "Uso ndio mtu," ndivyo mjomba alivyokuwa akisema. Picha ilitoka safi, mama akampa jirani aliyekuwa anaondoka aipeleke Tanga.

Baridi ilipoanza kulegea nikamwona anakuja kwa kasi, mtoto mgongoni, kilemba kimekaa upande.

"Kamwene, mama," nikamsalimu.

"Kamwene gani! Umenikata miguu!"

Kumbe mumewe aliipokea picha, akaigeuza mbele na nyuma, akatafuta nusu iliyobaki. Halafu akamtuma mtu anayerudi aje aulize: niambieni ukweli, miguu imepatwa na nini? Kwake yeye picha ya nusu mtu ilikuwa na maana moja tu, kwamba kuna jambo nyumbani wanamficha. Alikuwa ameshaanza kuomba ruhusa arudi kuuguza.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Unacheka nini wewe? Nipige tena. Mzima! Na silipi."

Nikarudisha sanduku nyuma mpaka nikawakanyagia watu viazi vyao. Mama akamshusha mtoto akamsimamisha, akaazima jembe kwa mmoja na kuku kwa mwingine. Mwenye kuku akataka naye aingie kwenye picha, akafukuzwa. Mimi nikaingia chini ya shuka.

"Miguu inaonekana?"

"Inaonekana, mama."

"Yote miwili?"

"Yote miwili."

"Na kucha?"

"Na kucha, mama, hata tope lililo katikati yake!"

Hapo ndipo alipocheka, na nikampiga anacheka.

Kisha kimya. Wiki zikapita, mawingu yakaanza kujikusanya, na mimi nikawa nayatazama kwa hasira, maana katika kila wingu nilimwona mjomba anakuja. Mpaka siku moja wakaja wanawake wawili kutoka Lyamkena, wametembea na kudandia lori, wanauliza soko zima: "Yuko wapi yule mpiga picha wa miguu?"

Nilitaka kukasirika kwa jina hilo. Nikasikiliza kwanza. Kumbe ile picha ilikuwa imetundikwa kambini Tanga, na wanaume wote wa huku kwetu walikuwa wamepita kuitazama. Wakaanza kulalamika. Mwenzetu anamwona mkewe mpaka kucha, sisi tumebaki kukumbuka sauti tu! Wakatuma salamu nyumbani: nendeni kwa huyo huyo, asiwapige mwingine.

Ubao wangu haukuwahi kunifanyia hivyo. Nilidhani wateja wangenisifu mimi, kumbe kila mtu alikuwa anamsifu mkewe na mwanawe, na mimi nikabebwa humo humo. Tangu hapo sikumpiga mtu kabla sijamuuliza: picha hii ataitazama nani, na ataanza kutafuta nini? Nikahamia Makambako, malori yanakosimama, na wakaja. Mmoja alikuja na nguruwe wake. Mwingine alikuja na mlango mpya wa nyumba, umebebwa na shemeji zake wawili, ili mumewe auone ulivyochongwa. Kila aliyeondoka akicheka, baada ya siku chache nililetewa dada yake au jirani yake.

Mvua ya kwanza ilipopiga, mjomba akafika. Alikuwa amedandia pale Iringa lori lililokuwa linarudisha watu wa mkonge, na njia nzima walikuwa wamemwimbia habari za mpiga picha wa miguu, bila kujua kamera ni ya nani. Alishuka. Akautazama mstari wa akina mama, akaambiwa asiruke foleni.

Nyuma yake akashuka mwanamume mmoja mwembamba, na yule mama wa kwanza, aliyekuwa amekuja kumpokea, akapiga kigelegele. Mtoto alimwona baba yake akalia, akajificha kwenye kitenge cha mama. Yule bwana akacheka kidogo, kicheko cha kuumia, akanijia.

"Ndiye wewe? Basi na mimi nipige. Nitarudi Tanga, na huyu mtoto asinilie tena nikija."

Akasimama kwenye tope, wima, mikono ubavuni. Nikaingia chini ya shuka. Mjomba akaja akasimama karibu yangu.

"Baba yako alipoondoka nilikuwa na kamera hii hii," akasema taratibu. "Aliniomba. Nikamwambia tutapiga ukirudi."

Nikalivuta shuka likanifunika vizuri. 

"Baki nayo, mpwa wangu," akasema. "Asipande mtu lori kabla hajapigwa."

Mle ndani ya shuka yule bwana alikuwa anachezacheza kwenye machozi yangu, sikuweza kumwona vizuri, na nilikaa humo muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Mpaka akaita mwenyewe:

"Vipi, ndugu yangu, kucha zinaonekana?"

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Inua uso kidogo."