Maneno ya Mfagiaji

Mwalimu wa darasa la tatu alimwita mfagiaji wa shule mwongo mbele ya watoto arobaini na mmoja, huku akijua fika kwamba mwongo ni yeye mwenyewe.

Walianza vizuri. Jioni moja mfagiaji alimkuta mwalimu huyo, binti aliyetoka chuoni juzi tu, ameinamia rundo la madaftari, macho mekundu.

"Mama, watanifukuza," alisema. "Watoto hawa wana neno moja tu. Chai nzuri, mvua nzuri. Huyu kaandika walikwenda msibani, na msiba ulikuwa mzuri!"

Mfagiaji alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaegemeza ufagio ukutani. Shule hakuwahi kuingia ila kwa kuifagia, lakini kwa miaka ishirini alikuwa amefulia nyumba za watu wa kila namna, na kila nyumba ilikuwa na neno lake. Huku doa, kule waa, kwingine baka. Hakuna aliyemfundisha. Alijua kwa kukaripiwa.

"Wape ndugu za neno, mwalimu," alisema. "Toa neno kwenye sentensi, weka lingine mahali pake. Sentensi ikikaa sawa, hao ni ndugu wa damu. Ikiyumba, ni majirani tu. Mtu amechoka, yuko hoi, yuko taabani: ndugu hao. Amechoka na amelala: majirani."

Mwalimu aliandika mbio mbio. Tangu siku hiyo, kila jioni mfagiaji alimwaga maneno, mwalimu akayaokota. Kesho yake yalikuwa ubaoni, na masomo yakiisha mfagiaji aliyafuta kwa tambara bichi asijue kwamba anafuta ya kwake. Watoto waligundua yanakotoka. Wakati wa mapumziko walimwandama uani.

"Mama Fagio, tupe ndugu za haraka!"

"Upesi, hima, chapuchapu. Na nyie nitokeeni hapa chapuchapu, mnanikanyagia sakafu!"

Ndipo mkaguzi akaja. Mfagiaji alikuwa akipiga deki barazani, mlango wa darasa uko wazi. Alimsikia mgeni akiuliza na watoto wakijibu kama mvua, mmoja hajamaliza mwingine kadakia.

"Ndugu wa damu na majirani!" mkaguzi alisema. "Mwalimu, njia hii umeitoa wapi?"

Mfagiaji aliacha kukamua tambara.

"Nimeibuni mwenyewe, mheshimiwa."

Msichana wa dawati la mbele, ambaye wenzake walimwita Kibogoyo kwa pengo lake la meno, alinyoosha kidole. "Mwalimu, si ya Mama Fagio? Yule pale mlangoni!"

Darasa zima liligeuka. Mkaguzi akamwita ndani. Mfagiaji aliingia miguu ikidondosha maji, na ndani ya woga wake kulikuwa na furaha kidogo: labda leo atatajwa.

"Eti maneno haya ni yako?" mkaguzi alimuuliza. "Hebu tusomee mstari ule."

Lau mkaguzi angemwambia aseme, angesema mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Alimwambia asome. Mfagiaji aliukodolea macho ubao. Mahali fulani katika chaki ile palikuwa na doa, waa na baka. Hakujua ni wapi.

"Kusoma sijui, bwana. Lakini ukiniuliza..."

"Mheshimiwa," mwalimu alidakia, "mama huyu husikiliza mlangoni, halafu anawaambia watoto ni maneno yake. Ni mwongo. Nimemvumilia tu kwa umri wake."

Mfagiaji alimtazama. Mwalimu hakuinua macho, alishughulika na kuifuta chaki vidoleni. Kisha akamgeukia Kibogoyo. "Na wewe, kwa kueneza uongo, simama kona ile mpaka mapumziko."

"Si uongo!" Mtoto alimgeukia mfagiaji. "Mama Fagio, sema! Waambie basi!"

Chumba kizima kilingoja. Mkaguzi alikuwa ameshainamia karatasi zake. Mfagiaji alikifikiria kibarua chake, akawafikiria wanawe wanaokitegemea, akageuka, akachukua ndoo yake. Nyuma yake alisikia viatu vidogo vikielekea kona.

Mwalimu alipandishwa cheo. Sasa anazunguka shule kwa shule akiwafundisha walimu wenzake ndugu wa damu na majirani, na wanampigia makofi. Mfagiaji bado anafagia palepale. Watoto wale wako darasa la sita. Wakipishana naye uani humwamkia nusunusu na kupita, na hakuna anayemwomba neno.

Mfagiaji hataki cheo wala zawadi. Mwalimu anadaiwa kurudi, asimame mbele ya watoto wale kabla hawajamaliza shule na kutawanyika, aseme maneno yalikuwa ya nani. Na Kibogoyo anawadai wawili: mwalimu aliyemwadhibu kwa kusema kweli, na mfagiaji aliyeombwa aseme, akatoka na ndoo yake.